Spika ndefu kwa amplifaya ya tyubu yenye wati chache

Mtu akishapata amplifaya ya tyubu ya wati 5 au 8, swali la kwanza huwa ni spika gani ya sakafuni yenye desibeli nyingi anayoweza kuimudu. Swali si baya, ila limeanzia katikati. Desibeli zinakueleza sauti itafika wapi. Hazikuelezi kama amplifaya itaweza kuishika spika, na kwa tyubu kazi kubwa iko kwenye kuishika. Spika ya desibeli 96 ambayo omu zake (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) zinapanda na kushuka ovyo inaweza kukukera kuliko ya 90 iliyotulia, na wakati huo pesa imeshatoka.

Tuanze na wati, maana ndizo zinazotia watu hofu. Tyubu moja ya 300B kwa kila upande hutoa takriban wati 8. 2A3 hutoa kama 3.5. Ile ya zamani ya 45 hata 2 ni shida. EL84 ikiwa peke yake hutoa kama 5, na zikiwa mbili kwa kila upande, moja ikivuta na nyingine ikisukuma, hufika 10 na kupita. Sasa kumbuka kwamba kuzidisha wati mara mbili kunakuongezea desibeli 3 tu, na ili sikio liseme "imekuwa kubwa mara mbili" unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo kutoka wati 8 kwenda 16 hutapata mabadiliko ya maana. Kutoka spika ya desibeli 88 kwenda ya 94 za kweli ni sawa na kuwa na amplifaya yenye wati mara nne.

Piga hesabu ya chumba chako. Spika ya desibeli 88 kwa wati 1 kwenye mita 1, ukiipa wati 8, itatoa 97. Ziko mbili, ongeza 3. Unakaa mita 3 mbele, kwenye chumba chenye makochi na mapazia, punguza 5 au 6. Unabaki na kilele cha 94 hivi. Muziki wa okestra una vilele vinavyopita wastani wake kwa desibeli 18 hadi 20, kwa hiyo wastani wako ni kama 75. Hiyo ni sauti ya kutosha jioni ukiwa umekaa na gitaa, sauti ya mtu na jazi ya watu watatu. Kwa okestra nzima au muziki mzito wa dansi, utasikia vilele vikibanwa. Tyubu hubana taratibu, haichani ghafla, na hapo ndipo watu wanapokosea: hawasikii mkwaruzo, wanasikia muziki umekosa uhai, kisha wanalaumu tyubu au waya.

Kabla ya kutafuta spika, pima wati unazotumia kweli. Kazi hii ni ya dakika kumi na inaweza kukuokoa na manunuzi ya bure. Tumia amplifaya na spika ulizo nazo sasa, multimita inayopima volti za AC, na faili la mlio mmoja wa hezi 120 uliorekodiwa desibeli 12 chini ya kilele cha dijitali, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho faili linaweza kubeba. Piga rekodi yenye tofauti kubwa kati ya utulivu na kishindo, panda hadi sauti ya juu kabisa unayoisikiliza kwa raha, kisha usiguse tena kitasa. Simamisha muziki, acha spika zikiwa zimeunganishwa, piga ule mlio na usome volti kwenye temino za spika. Sekunde chache zinatosha. Zidisha volti hizo kwa 4, zipige zenyewe kwa zenyewe, gawanya kwa omu za spika. Ukisoma volti 1, inakuwa 4, mara 4 ni 16, gawanya kwa 8: wati 2. Hizo ndizo wati ambazo rekodi ikifika kileleni itazidai. Kama spika hizo ni za desibeli 87 na unazozitaka ni za 93, utahitaji robo yake, nusu wati. Ukipata wati 40 badala ya 2, basi jibu unalo pia: ama ubadilishe amplifaya, ama ujiandae kwa maboksi makubwa kweli kweli.

Sasa hizo desibeli zinazoandikwa kwenye karatasi ya spika, zisome kwa jicho kali. Watengenezaji wengi hawapimi kwa wati 1, wanapima kwa volti 2.83. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1 kamili, lakini kwenye omu 4 ni wati 2. Spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 92 kwa volti 2.83 ni ya 89 ukiihesabia wati. Kwa amplifaya ya transista yenye wati 100 tofauti hiyo haina uzito. Kwa wati 5 ina uzito wote. Njia ya pili ya kuvimbisha namba ni kupima ndani ya chumba, ambako kuta na sakafu zinaongeza desibeli 3 au 4, badala ya kupima mahali pasipo na mwangwi. Mahali popote pamewekwa neno la kumaanisha "chumbani", toa 3 kichwani mwako.

Spika ndefu nyembamba zenye wufa (spika za besi) mbili ndogo ndizo zinazonasa watu hapa. Wufa mbili zikiunganishwa sambamba, unyeti kwa volti, yaani desibeli zinazotoka kwa volti zilezile, hupanda kwa 6. Nusu ya hizo ni faida ya kweli, kwa sababu karatasi zinazosukuma hewa zimeongezeka. Nusu nyingine imetokana na omu kushuka kutoka 8 hadi 4, na gharama yake inalipwa na amplifaya yako. Si kusema uzikatae zote. Zihesabie desibeli 3 pekee, kisha uangalie omu zake za chini kabisa.

Ipo kanuni inayojulikana kwa jina la J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya spika ya KLH ya Marekani mwaka 1957, aliyeipa kampuni ile herufi H. Besi ya chini, boksi dogo, unyeti mkubwa: chagua mawili. Wahandisi Neville Thiele na Richard Small baadaye waliiwekea hisabati, na hakuna aliyeivunja hadi leo. Ukiona spika nyembamba ya bei nafuu inadai desibeli 95 na besi ya hezi 30, mojawapo ya namba hizo haisemi kweli. Kwa wati chache na pesa chache, kinachofaa kuachwa ni besi ya chini kabisa. Spika inayoishia hezi 45 kwa usafi inakutosha.

Na kuna sababu nyingine ya kutoing'ang'ania hezi 30. Transfoma ya kutolea sauti ndani ya amplifaya ina chuma, na chuma hushiba sumaku. Kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo volti inazoweza kubeba zinavyopungua kwa kiwango kilekile. Transfoma ndogo iliyofika mwisho wake kwa wati 8 kwenye hezi 60, kwenye hezi 30 itabeba nusu ya volti, yaani wati 2. Spika inayojaribu kuzitoa hezi hizo inaiomba transfoma kitu isicho nacho, na kushiba kwake kunachafua hata sauti za juu zinazopita humo kwa wakati uleule.

Hapa ndipo kwenye kiini. Mzigo ambao spika inauonyesha kwa amplifaya, unaopimwa kwa omu, mafundi wanauita impidansi, na haukai mahali pamoja. Ile "omu 8" ya kwenye karatasi ni wastani wa heshima tu. Chukua amplifaya ya tyubu moja isiyo na mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma ili amplifaya ijisahihishe), yenye ukinzani wa ndani wa omu 2. Iunganishe na spika inayoshuka hadi omu 4 kwenye hezi 120 na kupanda hadi omu 20 kwenye hezi 1,500, pale wufa inapokabidhiana na twita, spika ndogo ya sauti za juu. Volti zinagawanywa kati ya ndani ya amplifaya na spika. Penye omu 4, spika inapata 4 kwa 6, theluthi mbili, upungufu wa desibeli 3.5. Penye omu 20 inapata 20 kwa 22, upungufu usiofika desibeli 1. Tofauti ni desibeli 2.7, na imejitokeza palepale sauti ya mwimbaji ilipo. Mwimbaji anasogea mbele, besi ya katikati inanywea. Wengi huuita huo utamu wa tyubu, kumbe ni mchoro wa impidansi wa spika wanausikia kwa masikio. Spika hiyohiyo kwenye transista yenye ukinzani wa omu 0.05 ingekuwa bapa.

Upande wa besi mambo ni hayohayo, na breki zinaongezeka. Koni ikishasukumwa haisimami yenyewe mara moja. Koili yake ikiendelea kutikisika ndani ya sumaku inazalisha umeme, na amplifaya yenye ukinzani mdogo wa ndani inaugeuza umeme huo kuwa breki. Omu 2 ni breki iliyolegea. Kwa wanaosoma karatasi za wufa: koili yenye omu 6 na Qes (namba ya breki ya umeme; ikipanda, breki imelegea) ya 0.40, ukiongeza omu 2 za amplifaya, Qes inakuwa 0.53. Boksi lililopigiwa hesabu ya 0.40 sasa lina besi nene, inayochelewa kunyamaza. Ndiyo maana wufa yenye sumaku kubwa na karatasi nyepesi, inayoonekana kukaukiwa besi kwenye transista, mara nyingi inakaa sawasawa kwenye tyubu. Ukiisikiliza dukani kwa transista utaikataa bure.

Kwa hiyo tafuta mchoro wa impidansi kabla ya kutafuta sifa. Spika yenye tundu la hewa itaonyesha vilima viwili kwenye besi na bonde katikati. Hilo ni kawaida. Kinachokufaa ni mstari usioshuka chini ya omu 5 au 6 popote, hasa kati ya hezi 80 na 300 ambako muziki unakula wati nyingi, na usio na kilima kirefu kwenye sauti za kati. Kukiwa na mstari wa pili wa fezi, unaoonyesha jinsi mkondo unavyopishana na volti kwa wakati, angalia isiwe imepinda nyuzi 45 mahali palepale omu ziliposhuka. Omu 4 zilizonyooka tyubu inazivumilia. Omu 4 zenye fezi iliyopinda zinaielemea zaidi.

Mchoro ukikosekana, upande wa besi unaweza kuupima mwenyewe. Tumia amplifaya ya transista, usitumie ya tyubu, kwa sababu ya tyubu haitakiwi kufanya kazi bila mzigo. Weka rezista ya omu 1,000 mfululizo na spika. Kwanza mahali pa spika weka rezista ya omu 10, piga mlio wa hezi 100, panda taratibu hadi multimita isome milivolti 100 juu ya hiyo rezista ya 10. Amplifaya itakuwa inatoa kama volti 10. Sasa toa rezista ya 10, weka spika, na milivolti unazosoma ukizigawa kwa 10 ndizo omu: 62 ni omu 6.2. Badilisha masafa, hezi 20, 25, 30, ukipanda hadi 400, uandike kila mara. Usiende juu zaidi bila kuijua multimita yako, maana nyingi za bei ndogo hudanganya zikipita mamia kadhaa ya hezi.

Kilima cha sauti za kati nacho kina dawa. Koili, kapasita na rezista vikiwekwa mfululizo, kisha seti hiyo ikafungwa sambamba na temino za spika, inashusha kilima bila kuigusa krosova ndani, ile sakiti inayogawa sauti kati ya wufa na twita. Kwa kilima cha omu 20 kwenye hezi 1,500: kapasita isiyo na chanya na hasi ya mikrofaradi 10, koili ya milihenri 1.1, rezista ya omu 12 ya wati 10. Ukinzani wa waya wa koili uuhesabu ndani ya hizo 12. Kilima kinashuka hadi kama omu 7.5. Ukikosea masafa ya kilima, unachimba shimo mahali ambapo hapakuwa na tatizo, kwa hiyo usinakili namba hizi kwa spika yenye kilima kwingine.

Aina gani, basi? Kwa pesa chache mimi ningeanzia kwenye spika ya njia mbili: wufa moja ya karatasi ya inchi 8 au 10, twita moja, krosova yenye vipande vichache, boksi la kifua kipana la lita 40 kwenda juu. Desibeli 91 hadi 94 za kweli hupatikana humo bila miujiza. Boksi hilo halipendezi sebuleni kama mnara mwembamba, na hiyo ni sababu mojawapo linapatikana kwa bei nzuri. Njia tatu zenye wufa kubwa na krosova nzito ni mzigo: koili ya besi peke yake inaweza kuwa na ukinzani wa nusu omu, nao unajumlishwa na zile omu 2 za amplifaya. Twita za honi zinakupa desibeli nyingi, lakini kwenye spika za bei ya chini mara nyingi wufa haiifikii honi, na mtengenezaji anaibana honi kwa rezista; desibeli unazopata ni zile za wufa. Spika ya koni moja isiyo na krosova, jamii ya Fostex au Lowther, ni mzigo mwepesi sana kwa tyubu, ila ina ukali wake kwenye kilohezi kadhaa na sauti zake za juu zinakwenda mbele tu kama tochi. Kwa mtu mmoja kwenye kiti kimoja inaweza kuwa furaha kubwa. Kwa familia kwenye kochi, hapana.

Spika zilizotumika ndizo zinazoipa pesa chache nguvu, mradi uzikague. Fungua kitambaa. Mpira wa pembeni ya koni ukiwa wa sponji, uguse kidogo kwa kidole: ukiacha unga au alama isiyorudi, umekwisha, nao huisha hivyo baada ya miaka kumi hadi ishirini hata spika isipotumika. Hubadilishwa, ila punguza bei kwa kazi hiyo. Wa kitambaa kilichokunjwa kunjwa hudumu zaidi. Sukuma koni kwa vidole vinne vilivyotawanyika sawasawa, pole pole, ukiwa umeinamisha sikio. Ukisikia mchakacho kama mchanga, koili inagusa sumaku, hiyo iache. Multimita kwenye temino isome kati ya omu 5.5 na 7 kwa spika ya 8, na kama 3 hadi 4 kwa ya 4, na zote mbili zilingane. Kisha piga mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 200 kwa sauti ndogo. Boksi lililoachia gundi litanguruma mahali fulani. Twita iliyokufa haionekani kwa multimita kwenye temino za nyuma, kwa kuwa kapasita imeizuia, hivyo weka sikio karibu kila twita muziki ukiwa unapiga. Kapasita za elektroliti kwenye krosova ya zamani huchakaa na kuifanya twita ififie. Weka mpya zenye mikrofaradi zilezile, zisizo na chanya na hasi, na usishawishike kuongeza thamani.

Zikifika nyumbani, usiziegemeze ukutani. Ukuta unaongeza besi, amplifaya yenye breki iliyolegea inaongeza tena, na unapata mvumo. Anza sentimita 40 kutoka ukutani. Mvumo ukibaki, jaza tundu la hewa kwa soksi mbili zilizoviringishwa; kilima cha besi kinashuka na ngoma inakauka. Waya wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 3, una omu 0.04 kwenda na kurudi. Mbele ya omu 2 za amplifaya hiyo si kitu, kwa hiyo pesa ya waya iongezee kwenye boksi.

Unyeti mkubwa mno nao una adha yake. Amplifaya yenye mvumo wa umeme wa milivolti 2 kwenye temino itatoa kama desibeli 25 kwa mita moja kwenye spika ya 88, nayo itapotelea kwenye ukimya wa kawaida wa chumba. Kwenye spika ya 100 ni desibeli 37, na utausikia kila wimbo unapokwisha. Kama tyubu zako zinapashwa moto kwa AC moja kwa moja, 2A3 na 300B za namna hiyo, usipande juu ya 95 kabla hujapima mvumo huo.

Unganisha spika kwanza, ndipo uwashe. Tyubu ikipata muziki bila mzigo, volti hupanda ndani ya transfoma hadi cheche kuruka na insuleta kutoboka, na transfoma hiyo ndiyo kifaa ghali kuliko vyote humo. Spika ya omu 8 ijaribu kwenye temino ya 8, kisha zima, subiri dakika mbili, hamishia kwenye ya 4. Kwenye ya 4 tyubu inaona mzigo mara mbili: wati zinapungua kidogo, lakini uchafu wa sauti unashuka na breki inakaza. Rudia wimbo uleule wenye besi ya nyuzi na sauti ya mtu, ukilinganisha ukubwa wa sauti kwa multimita na si kwa sikio, kisha acha waya pale besi inapoanza na kukoma kwa wakati wake.